Siri ya kutundika machela kwa kamba isiyofungwa fundo

MTU alalaye kwenye machela, yaani kitanda cha kitambaa kinachotundikwa kati ya miti miwili, huukabidhi uti wake wa mgongo kwa kamba mbili. Moja tu ikikatika au ikifunguka usiku, ataamkia chini, na huenda akaamka na majeraha.

Wahenga walinena kwamba kamba hukatikia pabovu. Kwa kamba za kisasa, pabovu hapo mara nyingi ni pale penye fundo.

Wapanda milima na wapiga kambi wengi siku hizi hutumia kamba nyembamba iliyoundwa kwa nyuzi za polithini ya aina maalumu. Nyuzi za Dyneema, zilizobuniwa Uholanzi, ni mfano mmoja. Kamba hiyo ni nyepesi kiasi cha kuelea majini, haifyonzi maji na hainyumbuki sana. Yenye unene wa milimita 2.8 pekee inaweza kuhimili takriban kilo 700 ikiwa mpya.

Hata hivyo, ina kasoro mbili. Kwanza, huteleza, hivyo mafundo mengi ya kawaida hulegea. Pili, fundo huikunja kwa ghafla na kuzibana nyuzi upande mmoja, jambo linaloweza kupunguza nguvu zake kwa nusu au zaidi.

Suluhisho ni kuiunga kamba kwa kuipenyeza ndani yake yenyewe. Hili huwezekana kwa sababu imesukwa kwa mafungu 12 ya nyuzi yanayoacha uwazi katikati, mfano wa mrija. Kamba ikivutwa, mrija huo hurefuka, hupungua upana na kuibana ncha iliyomo ndani. Kadiri mzigo unavyoongezeka ndivyo mbano unavyozidi.

Kazi yenyewe huhitaji kipande cha takriban mita 2, mkasi mkali, kalamu ya wino na waya mwembamba uliokunjwa mara mbili ili kuvuta ncha.

Hatua ya kwanza ni kutengeneza kitanzi kidogo kisichobadilika mwisho mmoja wa kamba. Ncha hupitishwa katikati ya kamba, kisha kamba yenyewe hupitishwa katikati ya ncha hiyo ili zifungane. Ncha inayobaki huzikwa ndani ya kamba kwa urefu usiopungua mara 72 ya unene wake, yaani sentimita 20 hivi. Kabla ya kuizika, baadhi ya nyuzi hukatwa moja baada ya nyingine ili ncha ichongoke. Ikiachwa butu, kamba hubadilika unene kwa ghafla na kudhoofika mahali hapo.

Hatua ya pili ni kutengeneza kitanzi kikubwa kinachorekebishwa. Ncha ya pili hurudishwa na kuingizwa ndani ya kamba, ikaelekezwa upande wa kitanzi kidogo. Husafiri ndani kwa sentimita 20 nyingine, kisha hutokeza nje kabla ya kufika mahali ncha ya kwanza ilipozikwa. Mkia huo hutiwa kizuizi mwishoni ili usirudi ndani na kufungua kila kitu.

Anayetaka kufupisha kitanzi huvuta mkia. Anayetaka kukirefusha husukuma pamoja sehemu iliyofunika kamba ili ilegee, kisha akavuta kitanzi. Mtu akilala, uzito wake huikaza sehemu hiyo, nayo haisogei.

Kitanzi kidogo hushikizwa kwenye machela, nacho kikubwa kwenye mkanda mpana uliozungushwa mtini. Kamba nyembamba haifai kuzungushwa mtini moja kwa moja, kwani hukata gome na kuudhuru mti.

Pembe ya kamba nayo ni suala la usalama. Kamba zikiinama kwa digrii 30 kutoka usawa wa ardhi, mtu wa kilo 80 huvuta kila upande kwa nguvu ya karibu kilo 80. Zikikazwa hadi kubaki digrii 10, nguvu hiyo hupanda hadi karibu kilo 230 kila upande. Anayedhani kwamba kukaza sana ndiko salama hujiongezea hatari bila kujua, na huitesa miti pia.

Adui mwingine ni joto. Nyuzi hizi huyeyuka kwenye nyuzijoto 150 hivi, na hudhoofika hata kabla ya hapo. Kwa hivyo, zisikaribie moto wa kambi wala kusuguana kwa kasi na kamba nyingine.

Kabla ya kulala, inafaa kukagua kama kuna nyuzi zilizokatika, kuchagua miti hai na imara, kutundika machela chini kiasi cha urefu wa kiti, kisha kukalia polepole. Kamba yenye hitilafu ni heri ijulikane mtu akiwa bado ameweka miguu chini.