Wingu Lililo Blanketi

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga. Lakini huko Utqiaġvik, mji mdogo ulioko ncha ya kaskazini ya Alaska, Marekani, wingu la kipupwe lina maana nyingine.

Jua huaga mwezi wa Novemba, lisichomoze tena hadi Januari, yapata siku 65. Mbingu ikiwa haina wingu, joto la ardhi hupaa likapotelea angani, na baridi huingia mifupani. Utando wa wingu ukitanda, hulirudisha joto hilo chini, watu wakapata nafuu.

Mnamo 1802, Luke Howard, mtengeneza dawa wa London, aliyapa mawingu majina ya Kilatini. Utando huo ni stratasi, yaani kilichotandazwa. Sirasi ni shungi la nywele. Kumulasi ni lundo.

Wawindaji wa Kiinupiati hawakungoja Kilatini. Adhuhuri, katika mwanga hafifu, hulitazama tumbo la wingu. Juu ya barafu huwa jeupe. Juu ya maji huwa jeusi. Palipo na weusi ndipo penye sili, na ndipo barafu ilipopasuka. Asiyeujua weusi huo huenda asirejee kwake.

Kumbe mbingu nayo ni chuo, na wenyeji ndio walimu wake.