KIUNGO, KARATASI NA KURA: SAFARI YA McDONALD MARIGA KUTOKA MUTHURWA HADI MADRID NA KIBRA

Utangulizi

Katika mtaa wa Raila, mojawapo ya vijiji vinavyounda Kibera jijini Nairobi, mpira wa miguu hauhitaji mwaliko. Mahali popote palipo na uwazi, vijana hugawana pande mbili na mchezo ukaanza. Kawangware na Dagoretti hali ni hiyo hiyo. Wengi wa vijana hao huamini kwamba kipaji pekee chatosha kumtoa mtu mtaani na kumfikisha Ulaya. Makala haya yanadhamiria kuipima imani hiyo kwa kumwangalia mchezaji mmoja aliyefika mbali kuliko wenzake wa kizazi chake, McDonald Mariga Wanyama. Yanaeleza jinsi alivyopanda, vizingiti alivyokutana navyo, na ni kwa nini mwaka 2019 jina lake lilijikuta katika karatasi za kura za Kibra, eneobunge ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa ngome ya Raila Odinga.

Maana ya kiungo

Kabla ya kuendelea, yafaa neno lenyewe lielezwe. Mariga alicheza katika nafasi ya kiungo. Neno hili limetokana na kitenzi unga, lenye maana ya kushikanisha vitu viwili viwe kimoja. Goti ni kiungo kwa kuwa hushikanisha paja na muundi. Bizari na iliki ni viungo kwa kuwa huufanya mchuzi uwe kitu kimoja. Uwanjani, kiungo ni mchezaji anayeiunga safu ya ulinzi na ile ya mashambulizi.

Hata hivyo, viungo si wa namna moja. Yupo kiungo mchezeshaji, ambaye kazi yake ni kubuni pasi na kuwafungulia washambuliaji njia. Yupo pia kiungo mkabaji, ambaye husimama mbele ya mabeki, huvunja mashambulizi ya wapinzani na kuupokonya mpira. Jina la huyu wa pili halitajwi sana redioni wakati mabao yanapofungwa, lakini asipokuwepo timu hugawanyika vipande. Mariga, mwenye kimo kirefu na miguu yenye nguvu, alikuwa zaidi wa aina hii ya pili. Ni nafasi iliyomfaa mtu mvumilivu, na subira hiyo angeihitaji nje ya uwanja pia.

Malezi na mwanzo

Mariga alizaliwa tarehe 4 Aprili 1987 jijini Nairobi, akalelewa katika mtaa wa Muthurwa. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Babake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, na nduguze nao wakafuata nyayo hizo. Mdogo wake Victor Wanyama, aliyezaliwa mwaka 1991, alikuja kuwa kiungo kama yeye, na dada yao Mercy akajitokeza katika mpira wa kikapu.

Mariga alisomea Shule ya Upili ya Kamukunji, kisha akazichezea klabu za nyumbani zikiwemo Tusker na Kenya Pipeline. Mwaka 2005 alielekea Uswidi, kwanza katika klabu ya Enköping, baadaye Helsingborg. Huko alicheza bega kwa bega na Henrik Larsson, mshambuliaji mashuhuri aliyekuwa amerejea kwao kutoka Barcelona, na mwaka 2006 klabu hiyo ikatwaa Kombe la Uswidi.

Uchaguzi wa Uswidi haukuwa wa kubahatisha. Ligi za Skandinavia hazina fedha nyingi kama za Uingereza au Italia, lakini mlango wake huwa wazi zaidi kwa kijana asiyejulikana, nao mawakala wa klabu kubwa huzitazama kwa jicho la karibu. Kwa kijana wa Nairobi, Helsingborg lilikuwa daraja. Mariga alipolivuka hakulivunja: mwaka 2007 Victor naye alifika katika klabu hiyo hiyo akiwa bado kijana mdogo.

Kizingiti cha karatasi

Mnamo Januari 2007, klabu ya Portsmouth ya Uingereza ilitaka kumsajili Mariga, lakini mpango huo ukavunjika kwa kukosa kibali cha kazi. Badala yake alihamia Parma ya Italia mwaka huo huo. Parma iliteremshwa daraja mwaka 2008, ikarejea Ligi Kuu mwaka 2009, naye Mariga akawa miongoni mwa nguzo zake. Januari 2010 Manchester City wakamtaka. Kwa mara nyingine kibali kikawa tatizo. Waziri Mkuu wa Kenya wakati huo, Raila Odinga, aliingilia kati ili kumtetea, lakini hadi dirisha la uhamisho linafungwa safari ya Manchester ilikuwa imekwama.

Ni muhimu kufahamu sababu ya jambo hili, kwani halikuhusu kipaji chake hata kidogo. Kwa kanuni za Uingereza za wakati huo, mchezaji kutoka nje ya Umoja wa Ulaya alitakiwa awe amecheza angalau asilimia 75 ya mechi za ushindani za timu yake ya taifa katika miaka 2 iliyotangulia. Zaidi ya hayo, taifa lake lilitakiwa liwe miongoni mwa 70 bora katika orodha ya FIFA kwa wastani wa miaka hiyo 2. Kenya haikuwemo. Kwa hivyo Mariga alipimwa kwa udhaifu wa taifa zima: mechi zilizopotezwa na wenzake na migogoro ya wasimamizi wa soka nyumbani vilihesabiwa dhidi yake.

Linganisha hali hiyo na ya viungo wa Ureno. Luís Figo alilelewa katika klabu ya Sporting ya Lisbon, akahamia Barcelona mwaka 1995, Real Madrid mwaka 2000 na Inter Milan mwaka 2005, alikostaafu mwaka 2009. Alivuka mipaka hiyo akiwa raia wa Umoja wa Ulaya, bila kuombewa kibali na waziri mkuu yeyote. Mfano wa Deco unaeleza zaidi. Huyu alizaliwa Brazili, akakulia kisoka Ureno na kupata uraia wa nchi hiyo kabla ya kuanza kuichezea timu yake ya taifa mwaka 2003. Mwaka 2008 alijiunga na Chelsea ya London akiwa raia wa Ulaya. Miguu ya Deco haikubadilika siku alipopewa pasipoti ya Ureno. Kilichobadilika ni idadi ya milango iliyokuwa wazi mbele yake.

Msimu wa mataji matatu

Heri huja kwa njia nyingi. Mlango wa Manchester ulipofungwa, Inter Milan walimchukua Mariga mwanzoni mwa Februari 2010. Kocha wa Inter alikuwa Mreno, José Mourinho, yule yule aliyetwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2004 akiwa na Porto, Deco akiwa kiungo wake. Mourinho alithamini mno wachezaji wa kukaba, na timu aliyoiunda Milan ilijua kuteseka uwanjani bila kuvunjika moyo.

Sifa hiyo ilidhihirika tarehe 28 Aprili 2010 katika uwanja wa Camp Nou, nusu fainali ya pili dhidi ya Barcelona. Inter walikuwa wameshinda mechi ya kwanza kwa mabao 3–1. Thiago Motta alipotolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, wenzake 10 walilazimika kujihami kwa zaidi ya saa nzima. Barcelona walipata bao moja dakika ya 84. Dakika mbili baadaye, wakati bao moja zaidi lingeifuta kazi yote, Mourinho alimtoa Samuel Eto'o na kumwingiza Mariga. Mechi ilimalizika 1–0, na Inter wakaingia fainali. Dakika hizo za Mariga zilikuwa chache, lakini kocha hamwingizi uwanjani mtu asiyemwamini katika saa kama ile.

Tarehe 22 Mei 2010, katika uwanja wa Santiago Bernabéu mjini Madrid, Inter waliishinda Bayern Munich 2–0 kwa mabao ya Diego Milito. Mariga alikuwa benchi na hakuingia uwanjani, lakini alivishwa nishani na wenzake. Akawa Mkenya wa kwanza kutwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Msimu huo Inter walinyakua pia Ligi Kuu na Kombe la Italia. Mwezi Desemba mwaka huo huo klabu hiyo ilitwaa Kombe la Dunia la Klabu mjini Abu Dhabi kwa kuifunga TP Mazembe ya Lubumbashi 3–0. Mazembe ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali hiyo.

Kuteremka kwa kilele

Mpanda ngazi hushuka. Baada ya mwaka 2010 nafasi za Mariga kikosini zilipungua. Mwaka 2011 alipelekwa kwa mkopo Real Sociedad ya Uhispania, kisha akarejea Parma. Majeraha ya goti yalimweka nje kwa vipindi virefu. Kiungo wa uwanjani akawa ameangushwa na kiungo cha mwili. Alirudi Parma tena katika msimu wa 2014–15, ambao klabu hiyo ilifilisika. Baadaye aliichezea Latina katika daraja la pili la Italia, na mwaka 2017 akajiunga na Real Oviedo ya daraja la pili Uhispania.

Wakati huo nyota ya mdogo wake ilikuwa imepaa. Tarehe 7 Novemba 2012 Victor aliifungia Celtic bao katika ushindi wa 2–1 dhidi ya Barcelona. Mwaka 2013 alijiunga na Southampton na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Mlango uliofungwa mara mbili kwa kaka ukawa umefunguka kwa ndugu.

Hata hivyo, Kenya kama taifa haikuvuna pakubwa. Timu ya Harambee Stars haikufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika tangu 2004 hadi 2019, kipindi kilichomeza miaka yote bora ya Mariga. Hapa ndipo inapoonekana kwamba kiungo mmoja, awe hodari vipi, hawezi kuunga kile ambacho wasimamizi wameshindwa kukishona.

Kura za Kibra

Tarehe 26 Julai 2019 mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alifariki dunia kwa maradhi ya saratani. Kibra ilikuwa imemegwa kutoka eneobunge la Lang'ata, ambalo Raila Odinga aliliwakilisha kuanzia 1992 hadi 2013. Wanasoka wawili walikitamani kiti hicho. Wa kwanza ni Dennis Oliech, mshambuliaji aliyeanzia Dagoretti Santos na kufika Nantes na Auxerre za Ufaransa. Alitangaza nia lakini hakufika debeni. Wa pili ni Mariga, aliyepewa tiketi ya chama cha Jubilee.

Karatasi zilimwandama tena. Mwezi Septemba msimamizi wa uchaguzi alimkataa kwa kuwa jina lake halikuonekana katika daftari la wapigakura, na ikabidi kamati ya migogoro ya tume ya uchaguzi imrejeshe kinyang'anyironi. Kampeni ilikuwa kali. Wapinzani walimwita mgeni asiyejua vichochoro vya Kibra. Wafuasi wake walijibu kwamba mtoto wa Muthurwa hahitaji kufundishwa maisha ya mtaa. Raila mwenyewe aliitaja Kibra kuwa chumba chake cha kulala, akimaanisha kwamba mgeni haingii humo bila hodi.

Kura zilipigwa tarehe 7 Novemba 2019. Imran Okoth wa ODM, nduguye marehemu, alipata kura 24,636, Mariga akapata 11,230, na Eliud Owalo wa ANC akapata 5,275. Siku hiyo iliingia doa, kwani wanasiasa kadhaa walishambuliwa. Lakini kabla ya matokeo rasmi kutangazwa, Mariga alimpigia Imran simu, akampongeza na kukubali kushindwa. Katika siasa za Kenya, ambamo wanaoshindwa wengi hulalamikia kuibiwa, tendo hilo lilisifiwa hata na waliompinga. Ni desturi ya uwanjani: kipenga kikilia, wachezaji hupeana mikono.

Kwa nini umaarufu haukumpa kiti? Mpigakura wa Raila au Lindi alikuwa na historia ndefu na chama chake, na pia alikuwa na huzuni ya msiba. Kushangilia ni jambo moja, na kumkabidhi mtu maji, vyoo na karo za watoto ni jambo lingine. Ikumbukwe pia kwamba kura zaidi ya 11,000 katika ngome ya mpinzani si haba.

Hitimisho

Tarehe 7 Desemba 2024 Mariga alichaguliwa naibu wa rais wa Shirikisho la Soka la Kenya, akiwa mgombea mwenza wa Hussein Mohammed. Raila Odinga, aliyewahi kumpigania kibali na baadaye akaipigania Kibra dhidi yake, alifariki dunia tarehe 15 Oktoba 2025.

Safari hii inaonyesha kwamba kipaji ni sharti la kwanza, wala si la pekee. Kijana wa Raila au Kawangware anahitaji shule yenye timu, klabu inayolipa, wakala mwaminifu, goti lililotibiwa vyema, na taifa lenye nafasi ya heshima katika orodha ya FIFA. Hilo la mwisho hawezi kulipata kwa kukimbia peke yake. Huletwa na wanaoendesha mchezo ofisini, mahali ambapo Mariga alipigiwa kura kuingia. Aliyenyimwa Uingereza mara mbili kwa sababu ya unyonge wa soka ya nchi yake anajua gharama ya uzembe huo kuliko wengi, na vijana wanaocheza leo kule Raila wana haki ya kumdai kazi hiyo.