Simbilisi Mbele ya Mwamuzi

Je, wajua kwamba yupo hayawani mdogo, aghalabu asiyetimiza kilo moja na nusu kwa uzito, ambaye huko Uingereza huandaliwa kwa miezi mingi ili apate dakika chache tu juu ya meza ya mwamuzi? Huyo ni simbilisi. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ambako wenyeji walimfuga kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka kabla ya Wahispania kufika. Katika karne ya 16 alivushwa bahari akafika Ulaya, na mwaka 1554 mtaalamu wa Uswisi, Conrad Gessner, alimweleza katika maandishi yake. Huko akaacha kuwa kitoweo akawa kipenzi cha nyumbani, hata katika karne ya 19 wafugaji wa Uingereza wakaanza kumshindanisha.

Siku ya maonyesho mwamuzi, mwenye koti jeupe, humwinua mnyama kwa mikono miwili, humpapasa mwili ili ajue kama nyama yake imeshikamana, humtazama macho, masikio, meno na kucha, kisha huyapuliza manyoya yagawanyike ili aone kama rangi ya juu imeshuka hadi shinani. Alama zote ni 100, nazo hugawanywa kwa kadiri ya aina: simbilisi wa rangi moja mwenye manyoya mafupi husifiwa kwa umbo la kichwa na usawa wa rangi, Abyssinian, ambaye manyoya yake yamekakamaa, hupimwa kwa vizingo vya nywele vilivyopangika mwilini kwa ulinganifu, na Peruvian, ambaye nywele zake huteremka pande zote hata mgeni asitambue uso uko upande gani, hupimwa kwa urefu, wingi na ulaini wa nywele hizo.

Nywele za Peruvian hukua kiasi cha inchi moja kwa mwezi, na kama zingeachwa ziburure chini zingechafuka na kukatika. Kwa hiyo mwenyewe huzigawa mafungu, akakunja kila fungu ndani ya karatasi, akalifunga kwa mpira, na mara kwa mara hulifungua, hulipiga brashi na kulifunga tena, mpaka siku ile zinapotandazwa juu ya kibao kilichovishwa gunia. Muda wake wa mashindano ukiisha, hukatwa nywele ili apumzike.

Aina nyingine, Himalayan, ni mweupe mwenye pua, masikio na miguu myeusi, na weusi huo una siri yake: kimeng'enya kinachotengeneza rangi hufanya kazi pale tu mwili ulipo na ubaridi kidogo, nacho hudhoofika penye joto. Ndiyo sababu mtoto wake, aliyetoka katika fukuto la tumbo la mama, huzaliwa mweupe mtupu, akaja kupata weusi baadaye. Na ndiyo sababu mkubwa akiwekwa mahali penye joto hufifia. Kumbe hata rangi, ambayo mtu angeidhani ni hidaya ya nasaba peke yake, hutoa ushahidi juu ya banda alimolelewa.

Lakini ushahidi mkubwa zaidi umo katika chakula. Mwaka 1907 Wanorwe wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, waliokuwa wakichunguza maradhi ya mabaharia, waliwalisha simbilisi nafaka na mkate mtupu, wakaona wanapatwa na kiseyeye, na walipowapa kabichi na maji ya limau maradhi yakazuilika. Sababu ni kwamba simbilisi, kama mwanadamu na tofauti na wanyama wengi wanyonyeshao, hana uwezo wa kujitengenezea vitamini C mwilini. Mwaka 1932 Albert Szent-Györgyi, akiwa Hungaria, alitumia simbilisi kuthibitisha vitamini hiyo ni kitu gani, na mwaka 1937 akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Basi anayemfuga humpa kila siku majani mabichi, kama sukuma wiki au pilipili hoho, maana chakula cha sungura cha dukani hakikutiwa vitamini hiyo, na akiikosa viungo humvimba, ufizi hutoka damu, na manyoya huparara. Nyasi kavu nazo ziwepo maridhawa usiku na mchana, kwa kuwa meno yake 20 hayaachi kukua maishani, na ni kutafuna nyasi kunakoyasaga. Yasiposagwa humzuia kula, naye asipokula hudhoofika upesi. Apatiwe mwenziwe wa jinsi yake, kwa sababu hulka yake ni ya kuishi kwa kundi, na Uswisi tangu mwaka 2008 imeharimisha kisheria kumfuga mmoja peke yake. Awekwe kivulini, kwani joto la juu ya digrii 28 laweza kumwua. Na akiugua asipewe penisilini kwa kubahatisha, maana huviangamiza vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia kumeng'enya, naye akafa kwa dawa. Kanuni hizi hazibagui mahali: zinamhusu simbilisi wa maonyesho kama zinavyomhusu yule afugwaye kwa nyama Kivu, au katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania.

Kwa hiyo mwamuzi apulizapo manyoya na kupapasa mgongo, asomacho si uzuri wa mnyama tu, bali ni mwenendo wa mfugaji kwa miezi iliyopita, ambao hauwezi kutengenezwa kwa kumwogesha na kumchana siku moja kabla. Ithibati ya neno hili imo katika fungu la mashindano linalopendwa sana na watoto, ambalo humpokea simbilisi yeyote, hata asiyejulikana babaye wala aina yake. Humo hapaulizwi nasaba wala rangi, ila usafi, siha, na utulivu wake mikononi mwa mtu, na mtoto aliyemtunza vyema huondoka na ushindi.