Mtu Asiyeonekana Kwenye Kamera

Wanangu, kabla hamjatoa simu mfukoni, niwaelezeni kaseti ya VHS. Ni boksi jeusi la plastiki lenye ukubwa wa kitabu cha hesabu, na ndani yake umeviringishwa utepe. Ukitaka nakala ya muvi ya saa mbili, unaunganisha deki mbili, moja icheze na nyingine irekodi, kisha unasubiri saa mbili hizo hizo. Nakala ya nakala inaanza kuonyesha chenga. Kwenye nakala ya tatu humjui tena shujaa ni yupi.

Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo, mtu wa Dar es Salaam aliyetaka picha alikwenda Avalon au Empress, au aliingia kibanda umiza: mabenchi, joto, na deki moja inayopigwa makofi ikigoma. Kanda za kigeni zilipokuja, Kiingereza kilitusumbua, ndipo wakatokea wafasiri. Maarufu wao ni Lufufu. Alitafsiri, akaongeza utani wake, akamkanya shujaa asipite ile njia. Alitafsiri hata Karishika, muvi ya Kinigeria ya pepo na waombeaji. Muvi za aina hiyo ziliingia Kariakoo kwa wingi, na vijana wetu wakajifunza kwazo kwamba dini inauza. Ndiyo maana katika Bongo muvi nyingi za zamani mchungaji hutokea dakika tano za mwisho, ananyoosha mkono, mchawi anaanguka, imekwisha. Mimi hizo siziiti muvi za imani. Mwandishi alikwama, akamwita mchungaji aje amtoe.

Imani ilifika mapema zaidi kwenye filamu zetu, kwa mlango mwingine. Steven Kanumba, nyota wa Bongo muvi, alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, na kuigiza alianzia kanisani. Fikirieni igizo la Krismasi. Herode amevaa pazia, taji ni la karatasi, na bibi wa benchi la nyuma hasikii vizuri. Hakuna wa kusema "kata, turudie". Ukisahau maneno unatunga palepale, na sauti lazima imfikie yule bibi. Wangapi wamejifunzia hapo! Wengine madrasa, kwenye kaswida za Maulidi, ambako mtoto wa miaka saba anasimama mbele ya mtaa mzima bila kutetemeka. Kanumba aliingia Kaole mwaka 2002, kundi lililoigiza tamthilia za kituo cha ITV. Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend ya George Tyson, na watu wakaona kwamba muvi ya Kiswahili inaweza kuuzika. Mwaka 2006 Kanumba alikuwa ndani ya Dar 2 Lagos, akicheza na Wanigeria wenyewe.

Sasa twende Kariakoo, maana huko ndiko imani ilikopimwa.

Mtayarishaji alishuka daladala na masta begani. Masta ni ile kanda mama, na nakala zote huzaliwa humo. Aliingia kwa msambazaji, duka lililojaa maboksi hadi darini, wakapatana bei moja, akahesabiwa noti, akasaini. Akitoka hapo, muvi si yake tena. Iuze nakala mia au laki moja, yeye haimhusu. Wengi walisaini bila kusoma, kodi ya nyumba ikiwa inawasubiri. Na huko nyumbani walikuwapo waigizaji walioambiwa "tutalipana mzigo ukitoka". Mzigo ulitoka, simu zikazimwa. Muvi yenyewe ilihusu uaminifu.

Msikiti wa Mtoro uko mitaa ya hapo hapo Kariakoo, na makanisa hayako mbali. Adhana ilisikika noti zikihesabiwa.

Halafu kaseti ikafa, ikaja CD ya video. Ile ilibeba dakika kama 74 hadi 80 tu, kwa hiyo muvi ya saa mbili ilitaka CD mbili. Wafanyabiashara wakakokotoa: CD mbili, kava mbili, bei mbili! Hadithi zikaanza kuvutwa. Gari linafika getini, honi, mlinzi anakuja polepole, geti linafunguliwa, gari linapaki, mama anashuka, anatafuta funguo kwenye pochi. Dakika tatu zimekwenda, na hakuna aliyesema neno. Mwisho unaambiwa ununue sehemu ya pili. Msidhani ni uvivu wa waongozaji peke yake. Chombo chenyewe kiliamuru hadithi iwe ndefu kiasi gani, kama simu zenu leo zinavyoamuru iwe fupi.

CD ilinakiliwa kwa dakika chache, na wezi wakafurahi. Mwaka 2013 ilikuja stika ya kodi ya TRA kwenye kava. Mwaka huo huo Azam TV ikaanza, baadaye ikawa na chaneli ya Sinema Zetu. Kisha flashi, kisha YouTube. Maduka ya CD yakageuka ya makava ya simu.

Kanumba hakuziona stika wala Sinema Zetu. Alifariki 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, akazikwa Kinondoni.

Kama mnataka muvi ya imani kweli, nina moja nataka muitafute, ya mbali kidogo. Moustapha Akkad aliitoa mwaka 1976, inaitwa The Message, kuhusu Mtume Muhammad (S.A.W.). Tatizo lake mnaliona: Mtume haonyeshwi, na sauti yake haiigizwi. Mwingine angeacha kazi. Akkad aliiweka kamera pale ambapo Mtume angesimama. Waigizaji wanaitazama lenzi kwa heshima, wanauliza, wananyamaza, wanaitikia kwa kichwa kana kwamba wamejibiwa. Akaipiga mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kila lugha na waigizaji wake. Katazo la dini yake likamfundisha ufundi.

Jaribuni nanyi. Kesho alfajiri, babu akirudi kutoka kuswali au bibi akirudi kutoka misa ya kwanza, mpigeni picha ya dakika moja bila yeye kuonekana. Ndala mlangoni, birika, mlango unavyofunguka. Simu hizo zinatosha. Ila muombeni ruhusa kwanza.