Kwa Nini Bei Kikomo ya Mafuta Haishushwi Zaidi: Somo la Mwaka wa Kwanza wa Uchumi Linavyoeleza

KILA Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Ni miongoni mwa matangazo yanayosubiriwa zaidi na wananchi, na pia yanayolalamikiwa zaidi. Swali linalojirudia ni moja: ikiwa Serikali ina mamlaka ya kuweka ukomo wa bei, kwa nini isiuweke chini zaidi?

Jibu hufundishwa katika somo la utangulizi wa maikroekonomia, tawi la uchumi linalochunguza uamuzi wa mnunuzi, wa muuzaji na mwenendo wa soko la bidhaa moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu huanza kwa kuchora mistari miwili. Mstari wa mahitaji huteremka, kwa kuwa bei ikipanda watu hununua kidogo. Mstari wa ugavi hupanda, kwa kuwa bei nzuri humvuta muuzaji kuleta bidhaa zaidi. Inapokutana ndipo ilipo bei ya mizani, ambapo kiasi kinacholetwa sokoni kinalingana na kinachotakiwa.

Ukomo uliowekwa juu ya mizani haubadilishi kitu. Uliowekwa chini yake huwafanya wanunuzi watake zaidi wakati wauzaji wanapunguza. Foleni hurefuka, vituo hukauka, na petroli ya magendo kwenye madumu huuzwa ghali kuliko ile iliyolalamikiwa mwanzoni.

Tanzania imewahi kuonja hali inayofanana na hiyo. Agosti 2011, baada ya bei kikomo kushushwa, baadhi ya kampuni zilisitisha mauzo na mafuta yakaadimika kwa siku kadhaa. Hata hivyo, grafu ya mistari miwili haitoshi kueleza tukio hilo. Grafu hiyo huchukulia kwamba wauzaji ni wengi na hakuna mwenye nguvu ya kupanga bei peke yake. Pale wauzaji wanapokuwa wachache, wanaweza kupandisha bei juu ya gharama zao kwa kuzuia bidhaa, na hapo ukomo uliopimwa vizuri unaweza kumpunguzia mnunuzi mzigo bila kuleta uhaba. Hiyo ndiyo hoja ya msingi ya kuwa na mdhibiti.

Kupima vizuri ndiyo kazi ngumu. Kwa kuwa mafuta yote huagizwa kutoka nje, bei kikomo hukokotolewa kwa kanuni inayojumlisha bei ya soko la dunia, usafirishaji wa meli na bima, thamani ya shilingi dhidi ya dola, kodi na tozo, pamoja na gharama na faida ya wasambazaji. Ndiyo maana bei ya Kigoma huwa juu ya ile ya Dar es Salaam: lori limesafiri zaidi ya kilomita elfu moja.

Dhana nyingine ya somo hilo ni unyumbufu wa mahitaji. Petroli ikipanda, mwendesha bodaboda hupunguza safari za kutafuta abiria, lakini hawezi kuacha kujaza tangi. Mahitaji yakiwa magumu kupungua kiasi hicho, sehemu kubwa ya ongezeko la gharama au kodi humwangukia mnunuzi.

Ruzuku ni njia tofauti na ukomo. Juni 2022, bei za dunia zilipopaa, Serikali ilitoa ruzuku ya Shilingi bilioni 100 kwa ajili ya mafuta. Ruzuku hupunguza anachotoa mnunuzi bila kupunguza anachopata muuzaji, hivyo haikaushi vituo. Lakini fedha hizo zinatoka katika bajeti, na kila shilingi iliyokwenda huko haikujenga zahanati wala barabara. Wachumi huiita gharama ya fursa.

Jambo moja husahaulika mara kwa mara: bei kikomo ni bei ya juu kabisa, si bei ya lazima. Kituo kinaruhusiwa kushindana kwa kuuza chini yake, na kinatakiwa kuonesha bei zake kwenye bango linalosomeka kutoka barabarani. Mnunuzi ana haki ya kudai stakabadhi inayoonesha aina ya mafuta na bei ya kila lita.