MAFUTA YA HARUFU NA MGONJWA WA KANSA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayemtunza mgonjwa nyumbani: watu wanauliza kama mafuta ya harufu yanaponya kansa. Jibu ni hapana. Hayapunguzi uvimbe wa titi wala hayafungi kidonda cha mlango wa kizazi. Anayekuuzia chupa na kukuambia uache hospitali anakuibia wakati, na kansa haingoji.

Lakini hatusemi kwamba hayana kazi. Ni mafuta yanayotolewa katika majani na maua, kama mikaratusi, mchaichai na lavanda. Mfaransa René-Maurice Gattefossé aliyaandikia kitabu mwaka 1937. Leo hospitali kadhaa za Ulaya huyatumia pamoja na dawa, si mahali pa dawa. Mgonjwa anayetiwa dawa ya kansa kwa mshipa hutapika, hakosi hofu, usingizi unampotea. Kumkanda polepole kwa harufu anayoipenda kunaweza kumtuliza. Mwaka 2016 wachunguzi wa Cochrane walipitia majaribio 19 ya kuwakanda wagonjwa wa kansa, kwa mafuta ya harufu au bila hayo, wakakuta ushahidi ni hafifu. Mimi naona mkono wa mtu wa nyumbani ndio unaofanya kazi kubwa.

Ukitaka kujaribu, mwambie kwanza daktari anayemtibu. Tia tone 1 katika kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti. Mawese hapana: yatachafua shuka, na harufu yake itashinda. Mpake kidogo mkononi, ungoje hadi kesho. Ngozi ikiwasha, acha. Usipake penye uvimbe, penye kidonda, wala penye ngozi iliyopigwa mionzi. Usimnyweshe hata tone. Mtoto akinywa mafuta ya mikaratusi anaweza kushikwa na degedege na kuzimia: usimtapishe, mkimbize hospitali pamoja na chupa.

Muulize mgonjwa mwenyewe harufu anayoitaka. Dawa hizo hugeuza pua. Aliyependa sambaza za kukaanga sasa anaweza kuzikimbia.

Linalotutia hofu zaidi hapa Goma ni kuchemsha majani ya mikaratusi juu ya mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, eti harufu isitoke. Makala hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyoonekana wala kunuka, na mikaratusi haiiondoi. Ninyi mnajua mazuku, hewa ya ardhini inayoua mbuzi na watu mabondeni. Gesi hii ni nyingine, lakini nayo huua kimya. Chemsha nje, kisha ingiza sufuria iliyofunikwa, uiweke mbali na kitanda.

Akiwa na homa, akitoka damu au pumzi ikimshinda, acheni chupa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Na maumivu makali hayatulizwi na harufu. Jirani zetu wa Uganda, tangu Hospice Africa ilipoanza huko mwaka 1993, huwapa wagonjwa morfini ya maji hata nyumbani. Muulize daktari juu yake, wala usiogope jina hilo.