Mizizi, kuvu na miteremko ya Masisi

Udongo wa mashariki mwa Masisi, katika Kivu Kaskazini nchini Kongo, uliotokana na majivu na mawe ya volkano, ni mwepesi na una rutuba, na kwa sababu hiyo umewavuta wakulima na wafugaji hadi kwenye miteremko mikali ambayo zamani ilishikwa na msitu. Msitu ulipofyekwa kwa ajili ya malisho, mashamba na makaa, mvua ilibaki bila kizuizi. Mapema Aprili 2023 mteremko uliporomoka katika kijiji cha Bolowa na kuua watu wapatao 20, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wakifua nguo. Hata pasipo maafa kama hayo, tope la milima hiyo huteremka kila msimu na Mto Oso hadi Walikale, ambako hupokewa na Mto Lowa.

Kinachoushika udongo si mizizi peke yake. Ndani ya mizizi ya mimea mingi huishi kuvu ziitwazo mikoriza, ambazo hutandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikipenya matundu ambayo mzizi hauyafikii na kuuletea mmea fosforasi, kirutubisho ambacho udongo wa volkano hukifunga sana, huku zenyewe zikilipwa sukari. Nyuzi hizo, pamoja na ute unaotolewa na bakteria, huzigandisha chembe za udongo. Donge kavu lililotolewa chini ya mabingobingo ya miaka kadhaa, likitumbukizwa katika glasi ya maji, hukaa bila kumeguka upesi, ilhali donge la shamba linalolimwa kila msimu hulainika mara moja na kuyachafua maji.

Ndiyo maana mistari ya nyasi kama setaria, tripsakamu au mabingobingo, ikipandwa kwa kufuata kontua, yaani usawa wa mlima, na kuchanganywa na mti wa kaliandra, ambao vinundu vya mizizi yake huhifadhi bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, hufaa kuliko mikaratusi mitupu, ambayo mara nyingi huuacha udongo wazi chini yake. Palipoporomoka, udongo wa juu umeondoka na viumbe wake. Hapo miche ya kaliandra huhitaji kuongezewa katika viriba konzi ya udongo kutoka chini ya kaliandra iliyostawi, wala usichotwe kwenye shamba la viazi, kwani huweza kubeba ugonjwa wa mnyauko. Hata hivyo, mizizi ya nyasi haiwezi kuzuia poromoko linaloanzia mita nyingi chini.

Kikwazo kikubwa zaidi ni umiliki. Sehemu kubwa ya ardhi ya Masisi imo katika mashamba makubwa ya ng'ombe, na mkulima aliyekodi kipande kwa msimu mmoja, tena anayeweza kukimbizwa na vita kabla ya kuvuna, hana sababu ya kupanda kaliandra, wala mwenye shamba hapendi aipande, kwa kuwa mti huhesabiwa kuwa dai la ardhi. Mstari wa setaria hauleti shaka hiyo, na majani yake hulisha ng'ombe wa mwenye shamba. Mapatano ya kukodi yangeweza kuanzia hapo.